Suruali ya Nafasi

Busha langu lilianza na ukubwa wa yai la kware, na kama lingebaki hapo tusingegombana. Halikubaki. Mwaka ulipokwisha lilikuwa yai la kuku, halafu la bata, halafu nikaacha kulipima kwa mayai kwa sababu ndege mkubwa kuliko bata sijawahi kufuga.

Nimeamua kuyasema haya kwa sababu wanaume wamenichosha, na wa kwanza kunichosha ni mimi. Mwanaume akiumwa jino mtaa mzima unajua. Akiumwa pale, anageuka bubu, anatembea kama amejitwisha ndoo, na ukimuuliza anakwambia ni mgongo. Mimi mgongo uliniuma miaka minne.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bigwa, Morogoro, nashonea kibarazani kwangu. Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na mbili, na ndoa ya mwaka mmoja. Mtaani kwetu busha ni la wazee, na lina hadithi zake. Wengine wanasema linaletwa na madafu. Wengine wanasema mwenye busha ana nyota ya mali. Madafu nilikunywa kweli, mali sikuiona. Mke wangu alipouliza, nilimwambia ni mshipa wa ukoo, babu alikuwa nao, baba alikuwa nao, na wote walizaa. Akaniangalia, akasema, "Haya, fundi." Ananiita fundi tangu siku ya kwanza alipokuja kushona sare ya harusi ya shoga yake, na hata nilipomuoa hakuona sababu ya kubadilisha.

Mwaka wa pili mimba haikuja. Tukaenda zahanati pamoja. Mganga, mama mtu mzima, akatuambia twende tukapime hospitali, wote wawili. "Wote wawili," alirudia, huku ananitazama mimi. Nikamwambia mke wangu mwanaume ndiye anayetangulia, nikaenda peke yangu. Nikafika kwenye dirisha la maabara, dada wa pale akanipa kikopo chenye mfuniko mwekundu, akanionyesha choo, halafu kwa sauti ya kuuzia nyanya akasema, "Baba, ni mbegu, siyo mkojo. Usije ukachanganya." Foleni nzima ikageuka.

Nikashukuru. Nikatia kikopo mfukoni, nikatoka getini, nikala mihogo ya kukaanga, nikarudi nyumbani. Kile kikopo mpaka leo nawekea vifungo vya mashati. Mke wangu alikuwa akinisubiri mlangoni.

"Wamesemaje?"

"Nimepimwa. Mimi sina tatizo."

Maneno manne. Nilidhani nimejiokoa siku moja na aibu ya dirishani. Kumbe nimemfungia mwenzangu miaka minne, kwa sababu kama mimi sina tatizo, basi tatizo ni lake, na hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaijua. Yeye mwenyewe aliikubali bila kubisha. Hakwenda tena kupima. Alisema atapimwa nini wakati jibu limeshapatikana.

Mama mkwe akaanza kuteremsha mizizi. Wao ni watu wa mlimani kabisa, Uluguru ya juu, kule ambako ukiambiwa "hapo tu" unatembea saa tatu. Kila mwezi akina mama wanaoshusha ndizi na mboga sokoni walileta kifurushi kilichofungwa kwa kamba ya mgomba. Mke wangu anachemsha, anachuja, anaziba pua, anakunywa. Nyumba nzima ilinuka udongo wa mvua na kitu kingine nisichokijua. Mara ya kwanza alitapika. Nilimshika bega, nikamwambia, "Pole, mke wangu, jikaze." Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu huu huu. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Nawe uelewe jambo moja kuhusu kwetu. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaheshimiwa, anapewa kiti, anakaribishwa chakula, lakini ukoo unaohesabu watoto ni wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Kwa hiyo mke asipozaa, mimi sidaiwi na mama yangu. Ni wao waliopungukiwa, na ni wao wanaofanya upelelezi. Na upelelezi wao ulianza na ushahidi wangu, kwamba mimi nimepimwa.

Tuache hilo, turudi kwenye suruali.

Busha likikua, suruali zinakataa. Watu wengine wananunua nyingine; fundi anakata. Nikachukua kitambaa cha kijivu, nikaweka marinda mawili kila upande, nikashusha mkato wa mbele, nikaacha nafasi ya kupita hata mkungu wa ndizi. Juu kiunoni nikabana vizuri, ili mtu aangalie mkanda asiangalie kwingine. Nilipoivaa nikajitazama kwenye kioo cha wateja. Ilianguka vizuri mno. Nilionekana mtu mwenye hati ya kiwanja.

Wiki ya pili akaja mwalimu wa shule ya jirani. Akaizungushia macho, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, na mimi nishonee kama hiyo. Yenye nafasi." Baada yake mwenye duka la saruji. Kisha kijana wa bodaboda. Kisha muuza nyama. Kisha mzee mmoja mkulima wa mpunga, aliyetoka Dakawa makusudi kwa sababu, alisema, ameisikia sifa ya mshono wangu. Wote walinong'ona, wote walitaka yenye nafasi, na nikitaka kupima chini ya kiuno wote walirudi nyuma hatua moja. "Wewe kisia tu, fundi."

Nami, Mungu anisamehe, nikaamini nimeanzisha fasheni. Nikaandika ubao: SURUALI YA NAFASI, MSHONO MPYA. Ng'ambo ya barabara kuna fundi mwenzangu anayebana suruali za vijana mpaka wanashindwa kupanda ngazi. Nilikuwa namtazama kwa huruma. Nilimwambia mke wangu kwamba watu wazima wa Morogoro wameanza kujitambua. Alikuwa anachuja dawa yake. Akasema, "Hongera, fundi."

Mwaka wa nne wa mizizi, mjomba akapiga simu. Mjomba wa mke wangu hapigi simu ovyo. Akipiga ujue kikao kimeshakaa. Alisema akimaliza kuvuna maharage atateremka kumchukua mpwa wake akatibiwe huko juu. Msimu mmoja tu.

Msimu mmoja. Namjua mwanamke wa mtaa wa pili aliyepandishwa mlimani msimu mmoja. Sasa ana mapacha huko huko, na mume wake wa hapa chini huwasikia kwa habari. Niliogopa, sitaki kudanganya tena. Ninampenda yule mwanamke. Napenda anavyocheka na sindano mdomoni akinisaidia kushona vifungo. Usiku huo nilimtazama amelala, nikajua kwamba nikikaa kimya ataondoka, na nikisema ataondoka vilevile, ila kwa hasira.

Wiki hiyo hiyo likapita gari la matangazo. Upasuaji wa mabusha, bure, madaktari wamekuja, vituo kadhaa mkoani. Likasimama mbele ya kibaraza changu kabisa, spika imenielekea mimi, likarudia mara tatu. Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano ambayo ilikuwa na uzi tayari. Kituo cha karibu kilikuwa mjini, lakini nani aende mjini akaonekane? Nikachagua cha upande wa Dakawa. Huko hanijui mtu. Mke wangu nikamuaga kwamba nafuata mchele wa bei ya shambani, nitalala huko siku mbili.

Nilifika mapema. Nje palikuwa na benchi, wanaume saba wamekaa. Mahali kama pale adabu ni kutotazamana usoni, kwa hiyo nikatazama chini, na nilipotazama chini ndipo nilipoona suruali. Ya kwanza ya kijivu, marinda mawili kila upande. Ya pili ya bluu, marinda mawili kila upande. Ya tatu ya kahawia. Upindo wangu naujua, naufunga kwa uzi mweusi hata kitambaa kiwe cheupe. Kati ya suruali saba za benchi lile, tano nilizishona mimi.

Nikainua macho. Mwalimu. Mwenye saruji. Bodaboda. Muuza nyama. Na yule mzee wa mpunga, ambaye yeye angalau alikuwa kwao.

"Fundi," alisema mwalimu.

"Mwalimu," nikasema.

"Umekuja kuchukua vipimo?" aliuliza muuza nyama, na benchi zima likaanza kutikisika. Kucheka ukiwa na busha ni kazi, lazima ujishike. Nilicheka nao mpaka machozi, lakini moyoni fasheni yangu ilikuwa imekufa palepale na hakuna aliyenipa pole. Kumbe hawakuwahi kuutazama mshono. Walimtazama mtu aliyevaa mshono, wakaelewa anaficha nini, wakaja kujificha naye. Nami fundi, mwenye tepu shingoni, sikuwaelewa hata mmoja.

Akaja nesi na daftari, mama mnene mwenye sauti ya upole. Akaanza mwanzo wa benchi: umri, umeoa, watoto wangapi. Mzee wa mpunga alikuwa na tisa. Mwalimu akasema bado hawajajaliwa. Bodaboda akasema bado. Zamu yangu ikafika.

"Bado," nikasema. "Lakini mke wangu anatumia dawa."

"Hata wangu anatumia," akasema mwalimu haraka, kama mtu aliyepata mwenzake.

"Na wangu," akasema bodaboda.

Nesi akaacha kuandika. "Wake zenu wanatumia dawa za nini?"

Hakuwa anatukejeli, alitaka kuandika kweli. Alisimama pale na kalamu yake, akitutazama mmoja mmoja, na sisi tukitazama marinda yetu. Mwishowe akasema, "Haya, nitaacha wazi," akapita kwa mwingine.

Daktari alikuwa kijana mdogo, akaanza kwa kumwamkia mzee shikamoo kabla ya kumwambia avue. Mimi akanieleza bila haraka. Ni mbu, siyo madafu. Mbu huleta vijidudu vinavyoziba njia, maji yanajaa. Alisema si kila mwenye busha anakosa mtoto, yule mzee ni shahidi, lakini yale maji yanaongeza joto, na mbegu hazipendi joto, ndiyo maana Mungu amezitundika nje. Mzee, aliyekuwa nyuma ya pazia, akadakia kwamba yeye mbegu zake hazina shida, ana gunia tatu na bwana shamba ameshazikagua. Daktari akamwambia asante, mzee.

"Kazi yako ina joto?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba natumia pasi ya mkaa, na nikiwa nashona huwa naiweka chini ya meza isije ikapoa.

"Chini ya meza wapi?"

"Katikati ya miguu."

"Kwa muda gani?"

"Miaka kumi na moja."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akasema akishanipasua nikae miezi mitatu, halafu nikapime mbegu, mimi na mke wangu wote. Nilikuwa nimeshayasikia maneno hayo mahali.

Nikarudi Bigwa nimetanua miguu, bila mchele. Mke wangu alinitazama kuanzia kichwani mpaka chini, akaishia katikati. Nikamwambia nimepasuliwa. Nilidhani atafoka. Akafurahi, ndugu yangu. Akasema afadhali, maana alikuwa anaona ninavyoteseka. Akanipikia uji wa ulezi, akanifulia, akanisaidia kuamka. Siku ya tatu, akiwa anakunja khanga zake kwenye mfuko wa safari, alisema, "Wewe umetibiwa upande wako, na mimi nikapande nitibiwe upande wangu. Tukutane salama." Nikageukia ukutani. Nilikuwa na nafasi ya kusema na sikusema.

Mjomba alifika Jumapili, mrefu, kanzu nyeupe, fimbo, matope ya mlimani kwenye viatu. Nikamwamkia, nikampa kiti kizuri. Akanywa maji, akauliza hali, akauliza biashara, akauliza mvua. Halafu akasema kilichomleta tunakijua, yeye si mtu wa kuvunja nyumba, lakini ukoo hauwezi kukaa mikono mitupu, na kwa kuwa mume alishapimwa akaonekana mzima…

"Sikupimwa," nikasema.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake.

"Sikupimwa, mjomba. Nilipewa kikopo nikakimbia. Nilimdanganya. Miaka yote hii anakunywa mizizi kwa ajili ya uongo wangu."

Mjomba akafungua mdomo, lakini mke wangu akamtangulia. "Fundi, hayo maneno yarudie. Na unitazame mimi, usimtazame mjomba."

Nikayarudia, nikimtazama. Ni kazi ngumu kuliko kisu cha Dakawa, na hii haikuwa na ganzi. Alisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalimtoka lakini sauti haikutetemeka. "Nilikuwa nasujudu naomba Mungu anisamehe," alisema. "Nilidhani kuna kosa nimefanya, hataki kunipa. Nimelitafuta kosa lenyewe miaka minne, fundi. Mpaka utoto wangu nimeupekua." Kisha akamgeukia mzee. "Mjomba, sipandi. Mgonjwa ni huyu. Lakini leo hali chakula changu." Akaingia ndani na mfuko wake.

Tulibaki wawili. Mjomba alichora chini kwa fimbo kwa muda mrefu, nikajua anatafuta adhabu. Hatimaye akasogeza kiti karibu na changu, akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Hiyo suruali," akasema. "Kwa mtu mrefu kama mimi, inakula mita ngapi?"

Nilimwambia mita ninazo, ila asipoteze kitambaa, aende akaonane na yule daktari kijana. Akauliza kama foleni inaanza mapema. Akauliza kama kisu kinauma. Akaondoka bila mpwa wake na bila kuniadhibu, na adhabu yangu akaachiwa mwenye haki nayo.

Naye mke wangu hakuwa na haraka. Vifurushi viwili vya mizizi vilikuwa vimebaki. Alisema mama yake amevichimba kwa jasho, havitupwi. Nikavinywa mimi. Kila jioni aliniletea kikombe kibarazani, wateja wakiona, akasimama mpaka nimalize. Sijawahi kuonja kitu kichungu namna ile, na kile kilikuwa kikombe kimoja kwa siku, majuma matatu tu. Siku ya mwisho nilimwomba msamaha tena. Akasema, "Nimesikia," akachukua kikombe. Kusikia si kusamehe, naijua tofauti.

Miezi mitatu ilipotimia tukaenda kupima, wote wawili. Safari hii dada wa dirishani alitangaza vilevile na foleni ikageuka vilevile, na mke wangu akasema kwa sauti kubwa zaidi, "Ameelewa, dada, ni mbegu." Majibu yakatoka. Yeye mzima, hana kasoro yoyote, na hajawahi kuwa nayo. Mimi ninazo, ila chache, na zinatembea kama wazee wanaotoka msikitini. Daktari akasema zitaongezeka, tuvute subira, pasi ikae mbali. Njiani kurudi alinishika mkono, mara ya kwanza tangu ile Jumapili. Nikapunguza hatua, nisije nikaharibu.

Sasa nieleze kinachonikosesha usingizi. Mke wangu akiwa kwenye siku zake hasali, na msala wake huukunja akauweka juu ya kabati la sebuleni. Nimekaa naye zaidi ya miaka mitano, kile kirundo juu ya kabati nakijua kuliko kalenda. Mwezi uliopita msala haukupanda kabatini. Nikasema labda sikuangalia vizuri. Mwezi huu pia haukupanda. Alfajiri anautandika, adhuhuri anautandika, alasiri anautandika, na mimi hapa nakanyaga cherehani sijui nashona nini. Juzi nimeshona mkono wa shati kwenye mfuko.

Jana nikajikaza. Alikuwa uani anachambua mchicha.

"Mke wangu, una jambo la kuniambia?"

"Jambo gani, fundi?"

"Lolote."

"Sina," akasema, akaendelea na mchicha. Lakini shavu lake lilicheza kidogo, nililiona.

Anajua, na anajua kwamba najua. Natamani kupiga ukelele usikike mpaka kwao juu. Lakini nitamuulizaje mtu kwa nini ananificha? Mimi nilimficha miaka minne, yeye ndiyo kwanza ana wiki saba. Nimerudi kibarazani, nimekaa kwenye cherehani yangu, nasubiri atakapotaka mwenyewe.